John Clare: Kibarua aliyetembea siku nne kumfuata mke aliyekwisha kufa

Julai 20, 1841, mwanamume mmoja mfupi wa miaka 48 alitoka polepole kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ndani ya msitu wa Epping, nje kidogo ya London, akashika njia ya kuelekea kaskazini. Hakuaga mtu. Mfukoni hakuwa hata na senti ya kununua mkate.

Alitembea siku nne, karibu kilomita 130. Hebu piga hesabu: ni kama kutoka Nairobi hadi Gilgil kisha uendelee kidogo, kwa miguu, bila chakula, na viatu vyenyewe vimeraruka changarawe zinaingia. Usiku alipolala alilaza kichwa kikiangalia kaskazini, ndio akiamka asichanganyikiwe akarudi alikotoka. Siku ya tatu njaa ilimshinda, akaanza kung'oa nyasi za kando ya barabara na kuzitafuna. Baadaye aliandika kwamba zilikuwa na ladha kama ya mkate.

Alikuwa anaenda nyumbani kwa mke wake, Mary.

Sasa shida ni hii. Mary hakuwahi kuwa mke wake. Na alikuwa amekufa miaka mitatu kabla ya hiyo safari.

Huyo jamaa ni John Clare. Mimi nilikutana naye kwa wale wauza vitabu wa chini, wale ambao lazima uiname ndio uone wanauza nini. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka huo, sina kazi, natembea mjini nikijifanya nina mahali naenda. Kitabu kilikuwa kimetoka jalada, na bei yake ilikuwa chini ya nauli ya kurudi nyumbani. Nilikifungua kwa sababu huko mwanzoni kulikuwa kumeandikwa kwamba mwenyewe alikuwa kibarua wa shamba. Nikasema, ngoja. Mshairi wa Uingereza kibarua? Wale tuliofunzwa shuleni wote walikuwa mabwana wenye kola nyeupe.

Clare alizaliwa Julai 13, 1793, katika kijiji kinaitwa Helpston, kilomita chache tu kutoka mji wa Peterborough. Walizaliwa pacha, yeye na msichana. Yule msichana ndiye alionekana mwenye nguvu, lakini ndiye aliyefariki baada ya wiki chache. Baba yake, Parker Clare, alikuwa mtu wa vibarua: kupura ngano, kuvuna, chochote kitakachopatikana. Alizaliwa nje ya ndoa, mtoto wa mwalimu fulani mpitaji wa Kiskoti aliyekuwa anapiga fidla, ambaye alimpa msichana wa kijijini mimba halafu akapotea. (Story za mtaa ni zile zile kila mahali, kumbe.) Huyo Parker alijua kusoma kidogo tu, lakini kichwani alikuwa na nyimbo za zamani zaidi ya mia, na akishikwa na bia kidogo angekuimbia. Mama yake, Ann, hakujua hata herufi moja.

Shule John alienda kwa vipande. Msimu wa kazi yuko shambani na baba, akipura ngano na kijiti chepesi alichotengenezewa cha saizi yake. Kazi ikiisha, miezi michache anaenda darasani. Darasa lenyewe lilikuwa kwenye chumba cha kanisa katika kijiji jirani cha Glinton, na alikuwa anatembea kwenda na kurudi. Alipofika karibu miaka 12, basi, karo ikaisha, shule ikaisha.

Lakini Glinton ilimpa vitu viwili ambavyo hakuwahi kuvisahau. Kusoma ni kimoja. Cha pili kilikuwa msichana anaitwa Mary Joyce. Mary alikuwa mtoto wa mkulima aliyejiweza. Wakacheza pamoja, wakakua kidogo, wakapendana jinsi watoto hupendana, halafu ikakatika. Clare mwenyewe baadaye alielewa hivi: yeye alikuwa maskini na yule msichana alikuwa wa watu. Hawakuonana tena kwa maana yoyote. Mary hakuolewa na mtu. Kumbuka hilo jina.

Kuna kumbukumbu moja ya utotoni aliyoandika ambayo mimi huirudia sana. Siku moja akiwa mdogo aliangalia mahali ambapo mbingu inagusana na ardhi, akaona si mbali. Akaamua kwenda kuangalia mwisho wa dunia. Alidhani akifika ukingoni atachungulia chini kama mtu anavyochungulia kisima. Akavuka nyika ya Emmonsales asubuhi hiyo peke yake, akaendelea hadi akafika mahali ambapo hata maua na ndege hakuwa anawajua, jua lenyewe likaonekana kama limehamia upande mwingine. Aliporudi jioni kijiji kizima kilikuwa kinamtafuta na wazazi wamekata tamaa. Hakuwa ameenda hata kilomita nyingi. Ila kwa mtu wa Helpston wa wakati huo, kijiji kilikuwa ndicho dunia, na ukitoka nje yake hata jua si lako.

Alipokuwa na miaka kama 13 hivi, fundi mmoja wa kufuma nguo akamwonyesha nakala iliyochanika ya mashairi ya James Thomson kuhusu majira ya mwaka. Akashikwa. Alimsumbua baba yake hadi akapata pesa, akatembea hadi mji wa Stamford kukinunua, akakuta ni Jumapili na duka limefungwa. Wiki hiyo hiyo akamhonga kijana mwenzake amwangalizie farasi, akaongeza senti nyingine ili asitoboe siri, akafika Stamford mapema sana hata duka halijafunguliwa. Shilingi moja. Njiani kurudi hakutaka watu wamwone akisoma siku ya kazi, kwa hivyo akaruka ukuta wa bustani ya tajiri, Burghley, akakaa ndani akasoma. Hapo hapo akaanza kutunga shairi lake kichwani.

Alianza kuandika kwenye vikaratasi vyovyote alivyopata, anavificha kwenye tundu la ukuta. Mama yake akavigundua. Kwa vile hakujua kusoma, aliona ni takataka tu za mtoto, akawa anavitumia kuwashia moto. Clare hakulalamika. Badala yake alitunga ujanja: akitaka kujua kama shairi ni zuri aliwasomea wazazi na kuwaambia limetoka kwenye kitabu cha mtu mwingine. Wakisifu, anaweka. Wakicheka, anachoma mwenyewe. Kama umewahi kuweka kitu chako mtandaoni kwa jina la bandia ndio uone watu watasema nini, unamwelewa huyu.

Kazi alizozifanya ni orodha ndefu. Alikuwa kijana wa kubeba bia kwenye baa ya Blue Bell, iliyokuwa mlango wa pili na nyumba yao. Alikuwa msaidizi wa bustani huko Burghley, ambako alijifunza kunywa kuliko kupanda maua, akatoroka. Mwaka 1812 alijiunga na wanamgambo kwa ajili ya ile pesa ya kujiandikisha, vita na Napoleon vikiendelea, akapewa sare isiyomtosha. Alichoma chokaa kwenye matanuri. Katikati ya hayo yote alikuwa anaenda kambi za Wajipsi usiku, akajifunza fidla kwao na kuziandika nyimbo zao. Watu wa kijiji hawakupenda. Mtu anayeongea peke yake porini na kulala kwa Wajipsi hawakumwona mzima.

Na hapa ndipo tufike kwa jambo lenyewe, kwa sababu bila hili huwezi kumwelewa.

Helpston aliyozaliwa Clare ilikuwa haina ua. Mashamba yalikuwa makubwa na wazi, yamegawanywa vipande virefu vyembamba, mtu huyu ana kipande hapa na kingine kule. Nje ya mashamba kulikuwa na nyika na malisho ya pamoja. Hata kama huna ardhi, ulikuwa unaweza kuwa na ng'ombe mmoja anayekula huko, ukaokota kuni, ukapita popote. Hakuna aliyekuwa anakuuliza unaenda wapi.

Mwaka 1809 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuifunga ardhi ya Helpston na vijiji jirani. Hazikuwa sheria za vita, na hakuna risasi iliyopigwa. Wapimaji walikuja na minyororo yao, wakachora ramani, wakahesabu nani ana haki gani kwenye karatasi, wakagawa. Mwenye kikubwa akapewa kikubwa kilicho mahali pamoja. Asiye na karatasi hakupewa kitu. Kisha wakapanda ua wa miiba, wakaweka milango, vijito vikanyooshwa, miti ya zamani ikakatwa, na mabango yakasimamishwa ya kukataza watu kupita kwenye njia ambazo babu zao walikuwa wanapita. Kazi hiyo iliendelea miaka zaidi ya kumi. Hati ya mwisho ya ugawaji ilitoka 1820. Na haikuwa Helpston peke yake. Nchi nzima ilikuwa inafungwa, sheria moja moja, kijiji kimoja kimoja, maelfu ya hizo sheria.

Clare alikuwa na miaka 16 ilipoanza. Na jambo ambalo linauma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alifanya ile kazi. Alihitaji mshahara. Alijiunga na magenge ya kuchimba mashimo na kupanda ua, akasaidia kwa mikono yake kufunga nyika aliyokuwa akitembea alipokuwa anatafuta mwisho wa dunia.

Nikisoma hapo nilikumbuka uwanja wetu. Mtaani tulipokulia Eastlands kulikuwa na kiwanja cha vumbi, magoli ya mawe, ambacho kila mtu alijua ni cha wote kwa sababu hakuna aliyewahi kusema vinginevyo. Siku moja tukarudi kutoka shule tukakuta mabati. Kisha ukuta. Binamu yangu mkubwa alipata kibarua hapo cha kuchanganya simiti, wiki mbili, na alilipwa vizuri kiasi kwamba nyumbani tulikula nyama. Sijawahi kujua nimkasirikie nani.

Na kuna uhusiano wa kweli kabisa kati ya Helpston na sisi, si mimi ninayeuvuta kwa nguvu. Watu waliokuja kututawala walitoka kwenye nchi iliyokuwa imemaliza kuzungusha ua. Kichwani mwao ardhi bila ua na bila karatasi ilikuwa ardhi inayopotezwa. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni ilileta mpango wa Swynnerton: kusanya vile vipande vya familia vilivyotawanyika Mkoa wa Kati, pima, mpe mtu mmoja hati yake. Kwa wengine ilikuwa mwanzo wa kujiinua, kahawa na mkopo wa benki. Wengine walirudi kutoka vizuizini wakakuta mambo yamegawanywa. Na michongoma ndio hiyo unaiona mpaka leo ukienda ushago.

Turudi kwa Clare. Mwaka 1818 alikuwa na deni la vitabu huko Stamford. Kupitia hilo deni akakutana na mwenye duka la vitabu anaitwa Edward Drury, ambaye aliona mashairi, akashtuka, akayatuma London kwa binamu yake John Taylor. Taylor ndiye aliyekuwa anachapisha vitabu vya John Keats. Januari 1820 kitabu cha kwanza cha Clare kikatoka, na kwenye jalada chini ya jina lake kuliandikwa kwamba ni mkulima maskini wa Northamptonshire. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe.

Kililipuka. Nakala zaidi ya 3,000 ndani ya mwaka, chapa nne. Katika miezi hiyo hiyo alimwoa Martha Turner, anayeitwa Patty, Machi 1820, akiwa na mimba yake tayari. Wakampeleka London wakamwonyesha kwa watu wakubwa. Nguo zake za shamba zilimtia aibu, kwa hivyo Taylor akampa koti kubwa la kuvaa juu, na Clare akakataa kulivua hata kwenye vyumba vyenye joto. Mchoraji William Hilton akachora picha yake. Ipo mpaka leo kwenye jumba la picha la taifa London. Ukiiangalia utaona kijana mwenye macho mapana, kola imefungwa kama imemkaba, anaangalia kitu kilicho nje ya chumba.

Huko kijijini, magari ya farasi yakaanza kufika. Mabibi na mabwana walitaka kumwona mkulima anayeandika. Wanamwita kutoka shambani, wanamwuliza maswali, wanaangalia nyumba yake, wanaondoka. Siku ya kazi imepotea na hakuna aliyemlipa. Hata wenzake wa shambani wakawa wanaogopa kuongea mbele yake wasije wakaandikwa kitabuni. Alikuwa hana watu huku, na kule London alikuwa mgeni wa wiki chache.

Wafadhili walimchangia, na posho zake zote pamoja zilifika kama pauni 45 kwa mwaka. Hiyo kwa kibarua ilikuwa si haba. Lakini posho ina mwenyewe. Bwana mmoja wa daraja la juu, Radstock, aliona mistari ambapo Clare alilaani matajiri kwa yale waliyoyafanya kijijini, akataka iondolewe. Ikaondolewa. Na familia ya Fitzwilliam, ambayo ndiyo iliyomchangia zaidi, ilikuwa kati ya wenye ardhi wakubwa wa Helpston. Yaani mkono uliozungusha ua ndio uliomlisha. Fanya nini hapo?

Kisha kulikuwa na ugomvi wa lugha, ambao kwangu mimi ndio mtamu. Clare aliandika jinsi kijiji chake kilivyokuwa kinaongea. Hakuweka nukta wala koma. Alitumia maneno ya Helpston ambayo London hakuna aliyeyajua, majina ya wadudu, ya matope, ya sauti ambayo barafu hutoa. Wahariri wakawa wanasafisha: hili neno toa, hili nyoosha, hapa weka koma. Wengine wakamshauri aachane na maneno ya kishamba ndio asomwe mbali. Yeye aliona sarufi yao ni kama serikali ya kidikteta, na aliwaambia hivyo. Sisi ambao tumeambiwa tangu darasa la kwanza kwamba tukiongea kama mtaa hatutafika popote, tunamjua huyu mtu. Alikuwa anajua nyumba ya kila ndege ilivyojengwa, imefumwa kwa nini, mayai ni ya rangi gani, na jina la yule ndege alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, lile alilopewa na mama yake.

Umaarufu haukukaa. Kitabu cha pili, 1821, kiliuzika kidogo. Cha tatu, kuhusu miezi kumi na miwili ya mwaka kijijini, kilichelewa kwa miaka, na kilipotoka 1827 watu walikuwa wamechoka na mashairi. Uchumi wa London ulikuwa umeanguka na wachapishaji wenyewe wanafilisika. Taylor akamwuzia Clare nakala kwa bei ya chini azichuuze mwenyewe. Basi mshairi aliyekuwa ameketi meza moja na wakubwa wa London akabeba gunia la vitabu vyake mwenyewe mgongoni na kuzunguka vijiji mlango kwa mlango. Mara nyingi alirudi na gunia kama lilivyo. Nyumbani kulikuwa na wazazi wazee, Patty, na watoto ambao wangefikia saba. Deni. Baridi. Chakula kidogo. Alianza kuona vitu usiku na kuogopa kulala.

Mwaka 1830 alialikwa kutazama mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice mjini Peterborough. Katikati ya kesi alisimama akaanza kumfokea Shylock kwa nguvu, kama mtu wa kweli aliyekuja kumdai. Walimtoa nje.

Mwaka 1832, marafiki na Fitzwilliam wakampangia nyumba bora zaidi na kipande cha ardhi katika kijiji cha Northborough. Kwa nia njema kabisa. Umbali ni kama kilomita 5 tu kutoka Helpston. Mtu wa Nairobi anahama Umoja hadi Donholm na kesho yake amesahau. Lakini Clare alianza kuwa kama mtu aliyehamishiwa nchi nyingine. Huko ardhi ilikuwa tambarare, hakuna misitu aliyoijua, jua lilikuwa linachomoza mahali pasipofaa. Ile hofu ya utotoni kwenye nyika ya Emmonsales ilirudi, ila sasa hakuna kijiji kilichokuwa kinamtafuta. Kitabu chake cha mwisho kilitoka 1835. Mwaka 1837 Taylor aliamua apelekwe kwa daktari Matthew Allen, kwenye ile hospitali ya msitu wa Epping.

Daktari Allen alikuwa mtu wa huruma kwa viwango vya wakati ule. Wagonjwa walitembea msituni, Clare alilima bustani na kuandika. Afya ya mwili ilirudi. Akili ikawa inaenda mahali pake yenyewe. Mara yeye ni Lord Byron, ambaye maziko yake aliyashuhudia yakipita barabarani London mwaka 1824. Mara yeye ni bondia. Na siku zote, ana wake wawili: Patty, na wa kwanza, Mary Joyce.

Mwaka wa nne Wajipsi wakapiga kambi karibu. Mmoja akamwahidi kumsaidia kutoroka, Clare akaahidi pauni 50 ambazo hakuwa nazo. Alipoenda kuwatafuta siku iliyopangwa, walikuwa wameshaondoka, wameacha kofia kuukuu tu. Aliichukua, na baada ya siku kidogo akaondoka peke yake.

Ile safari aliiandika mwenyewe mara tu alipofika, na ndiyo maana tunaijua hatua kwa hatua. Usiku wa kwanza alilala kwenye banda huko Stevenage juu ya majani ya mifugo. Alipita Baldock, Potton, Buckden, Stilton. Karibu na Peterborough watu wa Helpston waliokuwa kwenye mkokoteni walimtambua, wakamrushia senti tano, naye akazinunulia mkate, jibini na bia. Huo ndio mlo wa maana pekee wa safari nzima.

Kilomita chache kabla ya kufika, mkokoteni mwingine ukaja mbele yake ukiwa na mwanamume, mwanamke na mvulana. Mwanamke akaruka chini, akamshika mikono yote miwili, akimwambia apande. Clare alidhani ni mlevi au mwendawazimu. Akakataa. Ilibidi waliokuwa naye wamweleze kwamba huyo ni Patty. Alikuwa mke wake wa miaka 21, mama wa watoto wake, na amekuja kumchukua njiani.

Alipofika nyumbani walimwambia Mary amekufa. Ni kweli, alifariki 1838 kwenye ajali ya moto nyumbani kwao Glinton, akiwa na miaka 41. Clare hakuamini. Alisema alimwona akiwa hai na mzima. Akakaa akamwandikia barua.

Kuna watu humsimulia Clare kama hadithi ya mapenzi na Mary. Mimi huwa naona Patty hapo barabarani, ameshika mikono ya mtu asiyemjua. Hakujua kuandika shairi. Alilea watoto wote wale kwa posho na mboga za shambani, akaishi na mtu ambaye moyo wake ulikuwa mahali pengine, na bado alipanda mkokoteni kwenda kumtafuta. Hakuna jumba la picha lililomtundika ukutani London.

Miezi mitano Clare alikaa nyumbani. Desemba 1841 madaktari wawili walikuja wakatia saini, na moja ya mambo waliyoandika kama chanzo cha ugonjwa wake ni kule kutunga mashairi miaka yote hiyo. Alipelekwa hospitali ya Northampton. Fitzwilliam ndiye aliyelipa, shilingi 11 kwa wiki. Alikuwa na miaka 48, na hakutoka tena kuishi nyumbani.

Miaka ya kwanza walimruhusu kutembea mjini. Alikuwa anakaa kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa la All Saints, watu wakipita wanampa tumbaku au bia naye anawaandikia mistari papo hapo. Huko ndani wanawe walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine na yeye hakuweza kwenda kuwazika. Lakini msimamizi mmoja wa hospitali, William Knight, alijali. Alikaa na Clare, akachukua vikaratasi vyake, akanakili mashairi mamia kwa mwandiko safi. Hata lile linalojulikana zaidi leo, ambamo anatangaza tu kwamba yupo ingawa marafiki wamemtupa, lilitoka humo ndani. Bila Knight, moto ungekula vyote kama vile vikaratasi vya kwanza vya kwenye tundu la ukuta.

Alikufa Mei 20, 1864, kwa kiharusi, akiwa na miaka 70. Miaka karibu 40 nyuma, akitembea kwenye msitu mdogo wa karibu na kwao, alikuwa amekutana na wapimaji wakiangalia mahali pa kupitisha reli. Aliandika kwenye shajara yake kwamba anaogopa itaharibu ile sehemu. Mwili wake ulirudishwa Helpston kwa gari la moshi.

Alizikwa kwenye uwanja wa kanisa la St Botolph, kando ya baba na mama yake. Aliacha mashairi zaidi ya 3,000, mengi hayajawahi kuchapishwa, na ilichukua karne nyingine kabla watu kuanza kuyatoa bila kuyawekea koma. Swordy Well, machimbo aliyoyaandikia shairi ambamo ardhi yenyewe inalalamika jinsi ilivyonyang'anywa kila kitu, leo ni hifadhi ya maua na vipepeo na mtu yeyote anaweza kuingia. Ile nyumba ya Helpston ilinunuliwa mwaka 2005 na watu waliotaka isipotee, na sasa hupokea wageni.

Zamani hapo kijijini kulikuwa na desturi: majira ya joto watu wanakata kipande cha udongo wenye nyasi, wanakichomeka maua ya porini hadi kinafunikwa, wanakiweka ndani ya nyumba kama pambo. Clare alitaka hata kukiita kitabu chake kimoja kwa jina la hilo pambo, wachapishaji wakakataa. Siku hizi, kila Julai karibu na tarehe yake ya kuzaliwa, watoto wa shule ya msingi ya Helpston, ambayo ina jina lake, hutengeneza hivyo vipande vya maua, kila mmoja chake, na kuvipanga kuzunguka kaburi. Blue Bell nayo bado ipo, mlango wa pili na nyumba yao, na bado inauza bia.